Tuta limejengwa maji yakatutokea kwa nyuma, sasa wanataka kuongeza lingine. Hivi hawa watu wana akili kweli??

Wakuu poleni na majukumu. Leo nina hasira hivyo mnivumilie, nimetoka kwenye kikao cha kuonyeshwa mpango wa awamu ya pili wa kudhibiti mafuriko ya kijito chetu na nimerudi nyumbani natetemeka, na si kwa baridi.

Mpango wenyewe ni huu: tuta linanyanyuliwa na kurefushwa pande zote mbili, kijito kinanyooshwa ili zile kona ziondoke, kinachimbwa na kupanuliwa, basi. Michoro ya rangi, watoto wamechorwa wanaendesha baiskeli juu ya tuta. Nikauliza swali moja tu, lile kalavati la barabarani kule chini mmelifanyaje? Injinia akaniita mezani nijionee, nikainama, mchoro umeishia hatua chache kabla ya kalavati. Yaani karatasi imeisha! Mshale wa maji unakwenda mpaka ukingo wa karatasi halafu maji sijui yanapaa mbinguni. Akaniambia kalavati ni la watu wa barabara, sio lao.

Jamani maji yanajua hiyo mipaka ya ofisi? Kijito hata ukipanue kama uwanja wa mpira, kama mdomo wa kutokea ni uleule maji yatajaa nyuma yake na kurudi juu huku kwetu. Mtu yeyote aliyewahi kumimina ndoo kwenye faneli analijua hilo, haihitaji digrii.

Na mimi siongei kwa kubahatisha, awamu ya kwanza tumeiona. Zamani kijito kikifurika maji yanaingia uani na kesho yake yanaondoka yenyewe. Wakajenga tuta, tukashangilia, mimi mwenyewe nilipiga makofi kama mjinga. Mtaro wetu wa mtaa uliokuwa unamwaga kijitoni wakaupitisha kwenye bomba chini ya tuta, upande wa kijito wakaweka mlango wa chuma wa bawaba, kijito kikipanda unajifunga ili maji yake yasiingie kwetu. Sawa, wazo zuri. Ila mvua ikinyesha huku ndani wakati mlango umefungwa, maji yetu sisi yaende wapi? Hapo ndo unatakiwa uwe na pampu au bwawa la kuyashikilia mpaka kijito kishuke, hamna hata kimoja. Ikanyesha usiku kucha, maji yakajaa upande wetu kama kwenye karai, na kijito wala hakikuvuka tuta!

Kilichoniua zaidi ni siku iliyofuata. Kijito kimeshuka kabisa, sisi bado tuko ndani ya maji mpaka magotini. Tukaenda na majembe kuangalia, kumbe tope limetulia mbele ya ule mlango mpaka nusu yake, limeubana hausogei. Tukachimba watu sita, tukalitoa, ule mlango ukafunguka kwa kishindo, mmoja wetu akasombwa akaangukia kijitoni na jembe lake (mzima, alitoka anatukana). Kwenye kikao nikauliza nani kazi yake kusafisha pale, wakatazamana. Kwenye bajeti ya awamu ya pili nimetafuta mstari wa usafishaji, sijauona.

Halafu kuna afande mmoja wa suti akasema tulale usingizi maana tuta jipya ni la "mafuriko ya miaka 100". Watu wakapiga makofi wakidhani maana yake ni mafuriko yatakuja baada ya miaka 100. Sio hivyo jamani! Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa kupata mafuriko ya ukubwa huo, mwaka huu yakija mwakani yanaweza kuja tena. Ukikaa hapo miaka 30 uwezekano wa kuyaona ni kama asilimia 26, yaani kama nafasi moja kati ya nne. Na tangu tuta lijengwe watu wanauziana viwanja kule bondeni kabisaa eti pameshakuwa salama, siku tuta likikatika wataumia wengi kuliko zamani.

Hiyo habari ya kunyoosha mkondo ndo hata sitaki kuisikia. Kona zinapunguza mwendo wa maji, ukizikata maji yanashuka kimo kilekile kwenye urefu mdogo, mteremko unakuwa mkali, maji yanakimbia, yanakula kingo, na mchanga wote yanaenda kuubwaga pale mwendo unapopungua, yaani wapi? Mbele ya kalavati lilelile! Marekani walifanya hivyo kule Florida, mto Kissimmee uliokuwa na kilomita zipatazo 166 za kona wakaugeuza mfereji wa kilomita 90 hivi, wakamaliza 1971, halafu wakaja kutumia miaka zaidi ya 20 kuurudishia sehemu ya kona zake. Na Mississippi walishikilia matuta tu, matuta tu, mpaka 1927 mto ukayapasua, ndo wakakubali kwamba maji nayo yanahitaji sehemu ya kupumulia. Uholanzi, watu ambao matuta ni maisha yao, pale Nijmegen walilirudisha tuta nyuma mita 350 ili mto upate nafasi. Sisi tunalisogeza kwenye ukingo kabisa.

Na udongo wenyewe wa tuta, juzi nimeona kijiko kinachota tope na mchanga wa kijitoni kinamwaga juu ya tuta hivyohivyo, hamna kushindilia kwa tabaka, hamna kitu. Mchanga unapitisha maji, mtu asishangae siku akiona yanabubujika upande wa pili.

Najua watakuja wa kusema napinga maendeleo. Sipingi tuta. Nataka waanze chini kwenye kalavati wapande juu, tuta lisogezwe nyuma, na huku ndani tuwekewe pampu. Ni hayo tu.

Maoni ya maandishi mwisho Ijumaa. Nimeingia kwenye lile kalavati mwenyewe na futi: upana mita 2, kimo mita 1.5, na humo sentimita 60 ni tope limekaa. Kama kuna injinia wa maji humu anisaidie kupiga hesabu linapitisha maji kiasi gani likiwa hivyo na likiwa safi, niwapelekee namba, maana maneno yangu wameshayacheka.