Vitu vya wanaohama na vya zamani hapa Mwanza: mtaji wa laki sita nianzie wapi?

Igoma_Mpya
Habari za muda huu wakuu. Nataka kununua vitu vilivyotumika majumbani kisha niviuze tena. Siongelei nguo za mtumba. Nasema cherehani, taa, redio, fanicha, na vile vya zamani vinavyotafutwa na wakusanyaji. Mtaji ni 600,000, chumba cha kuhifadhia ninacho Igoma, usafiri sina. Mali inapatikana wapi kabla haijapita kwa madalali? Nikague nini ili nisibebeshwe mzigo mbovu? Na bei ya kununulia naipangaje? Kutiwa moyo sihitaji, nahitaji vitu vya kufanyia kazi.

Ngosha_Mabatini
Mkuu, huku hatuna ile desturi ya Marekani ya mtu kupanga vyombo uani Jumamosi na kubandika bei. Kwetu nyumba huuza inapohama: mtumishi kapata uhamisho, mradi umefungwa, mzee kastaafu anarudi kijijini. Cha kufuatilia ni nani anahama. Tembea zaidi Juni na Julai mwaka wa fedha wa serikali unapogeuka, halafu Desemba shule zikifungwa. Wanaojua mapema ni walinzi wa mageti ya Capri Point, Isamilo na Bwiru, pamoja na madereva wa kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo. Waachie namba yako, na biashara ikifanyika mtoe mtu kitu kidogo bila kukumbushwa, la sivyo simu ya pili hutaipata.

Muda wa kufika una hesabu yake. Ukienda wiki mbili kabla, mwenye mali bado anataja bei ya dukani. Ukienda lori likiwa limeshapakiwa, wamebaki na ndoo zilizopasuka. Jioni ya kuamkia safari ndiyo nzuri, maana kisichoingia kwenye lori kimekuwa kero. Hapo usiulize bei ya kimoja kimoja. Omba bei ya "vyote vya stoo" kwa pamoja.

Ipo pia minada ya vifaa chakavu vya taasisi za serikali. Matangazo hubandikwa kwenye mbao za halmashauri na hutoka magazetini. Nenda siku ya ukaguzi, usingoje siku ya mnada. Mali huuzwa kama ilivyo na pale ilipo, na masharti ya kawaida ni kulipa 25% papo hapo na salio ndani ya siku 14, ukishindwa amana inapotea. Kwa laki sita, lundo moja la viti arobaini vya ofisi litakufungia mtaji miezi mitatu. Mimi nisingeanzia huko.

Bei ya kununulia huanzia kwenye bei ya kuuzia, ile unayoiona kwa macho masokoni Mlango Mmoja au Makoroboi. Mfano tu, weka namba zako: cherehani unaamini itatoka kwa 180,000. Toa kirikuu 20,000, spea na fundi 25,000, faida 50,000, na 10,000 ya kushushia mteja. Inabaki 75,000, na huo ndio mwisho wako. Mwenye mali akikaza 90,000, muage kwa heshima na umwachie namba. Na usiweke zaidi ya theluthi ya mtaji kwenye kitu kimoja.

Fundi_Nyakato
Nijibu upande wa cherehani, maana ndipo wageni wanapopigwa.

Jina la Singer ubavuni si ushahidi wa chochote. Vibandiko vya dhahabu vinauzwa, na mashine nyingine hupigwa rangi nyeusi upya na kubandikwa jina hilo. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma, upande wa kulia juu ya kitako, na kile kibati cha shaba kilichopigwa ribiti. Namba inayoanza na E na herufi nyingine, mfano EF au EH, ni ya kiwanda cha Clydebank, Scotland. Herufi K kwenye modeli, kama 15K au 29K, inatokana na Kilbowie, kiwanda hicho hicho, kilichofungwa 1980. Hiyo 29K, ya mkono mrefu mwembamba yenye mguu unaozunguka pande zote, ni ya mafundi viatu. Ukiikuta nzima usiiache, mafundi viatu wanaitafuta kuliko wakusanyaji.

Ukaguzi: zungusha gurudumu kuelekea kwako. Likigoma kabisa usiogope, mara nyingi ni mafuta yaliyoganda. Dondoshea mafuta ya taa kwenye matundu yote, acha usiku mzima, zungusha taratibu, futa, kisha weka mafuta ya cherehani. Ya kula usiweke, ndiyo yaliyoigandisha. Cha kuogopa ni gurudumu linalozunguka huku sindano imesimama, au linalocheza kulia na kushoto. Fungua kibati cha chini utazame ncha ya ndoano inayoshika uzi. Ikiwa butu au imemegeka, mashine itaruka mishono hata ukibadili sindano kumi. Angalia na meno ya kusukuma kitambaa, yakilainika kama kijiko kitambaa hakisogei.

Butterfly ya Kichina ya JA2-1 imeigwa kutoka Singer 15, kwa hiyo spea nyingi zinaingiliana na hupati shida ya kuipa uhai. Miguu ya chuma ichunguze kwenye maungio. Hiyo ni chuma cha kumimina, fundi wa kuchomelea wa kawaida akiigusa inapasuka pembeni ya weldi. Mguu uliopasuka, nunua kichwa peke yake.

Mwaloni_K
Wote mnaongelea nyumba za mjini, mali ya ziwani mmeiacha. Karabai! Wavuvi wa dagaa walivulia karabai miaka mingi kabla ya taa za LED za betri na sola kuingia. Zilizotolewa mitumbwini bado zimelala kwenye stoo za Igombe, Kayenze, Ukerewe na ng'ambo ya Sengerema. Busisi sasa hakuna foleni ya kivuko, daraja lilifunguliwa Juni 2025, unaenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Nenda mwezi ukiwa mpevu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika na wenyewe wako nchi kavu. Fedha mfukoni zimepungua pia, ila usiwakamue, utawahitaji mwezi ujao.

Cha kutafuta ni Petromax ya Kijerumani. Soma maandishi kwenye tangi: ukikuta Ehrich & Graetz, hiyo ni ya mkusanyaji. Anchor na nyinginezo za Kichina ni za kuuzia mtu anayetaka mwanga, au za kutoa spea. Beba sumaku. Tangi la shaba halishiki. Likishika ni bati lililopakwa ung'aavu, na kwa unyevu wa ziwa ujue ndani kumeshaanza kutu. Kwa ile ya mishumaa 500 (kipimo cha mwanga), tangi hubeba karibu lita moja.

Jaribio la tangi: fungia valvu, pampu mara ishirini, lizamishe kwenye beseni la maji. Povu likitoka kwenye kizibo, tatizo ni mpira, shilingi chache. Likitoka kwenye mshono wa kitako au kwenye ufa mwembamba, liache, kulehemu kunarudi kuvuja na hilo tangi linabeba mafuta ya taa kwa presha juu ya moto. Bila povu, liache nusu saa uone kama mshale wa geji unashuka. Pampu ikisukuma hewa tupu, ni ngozi yake imekauka. Ichomoe, iloweke kwenye mafuta, itanue kwa vidole. Mwanga unaopumua, unaongezeka na kufifia, ni nozeli imeziba masizi.

Tahadhari moja ambayo wengi hawaijui: soksi za karabai (kile kitambaa cha wavu kinachotoa mwanga) za zamani nyingi zilitengenezwa kwa thoriamu, ambayo hutoa mionzi. Iliyoungua ikivunjika usipulize lile jivu. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa na ukitupe.

Igoma_Mpya
Asanteni sana wakuu, naandika yote. Kuna mzee ana sarafu za Mjerumani na santuri kama sabini. Anasema sarafu moja ni mamilioni. Mnasemaje?

Santuri_na_Senti
Hizo hadithi za rupia ya mamilioni, na ndugu yake zebaki nyekundu inayodaiwa kuwa ndani ya redio za kizamani, zimewafilisi wengi. Ukisikia "mnunuzi yuko Dar anasubiri", ondoka.

Ukweli ni huu. Vita vilipokata meli, Wajerumani walifua sarafu Tabora mwaka 1916: heller 5, heller 20, na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Zile heller 20 zipo nyingi na ni za bei ya kawaida. Ya dhahabu ina uzito wa gramu 7.17 hivi na bandia zake zimejaa, kwa hiyo bila mizani ya vito usitoe hata senti. Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, kuanzia 1948 hakuna kabisa. Noti za Tanzania za 1985 hadi 2003 zilikoma kuwa fedha halali Aprili 2025. Zenye mikunjo ni karatasi, mpya kabisa isiyokunjwa ndiyo ina mteja. Na usiisugue sarafu! Brasso, majivu, ndimu, vyote vinaondoa ile rangi ya umri na thamani inaenda nayo.

Santuri nitazizingatia zaidi kuliko sarafu. Muziki wa zamani wa Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab, Nuta Jazz, Tabora Jazz, Maquis: zile ndogo za mizunguko 45 zina wakusanyaji Ulaya wanaosubiri. Inamishe chini ya mwanga wa upande. Pitisha ukucha taratibu juu ya mkwaruzo: usipoukwaa, mara nyingi ni mchakacho mdogo, ukiukwaa sindano itaruka. Zilizolala chini ya bati zimepinda, ziweke juu ya kioo uone. Zihifadhi zikiwa wima, mbali na jua, na ganda la asili usilitupe hata likiwa limechanika.

Vitu viwili usiguse. Pembe za wanyamapori, ngozi ya chui, kobe, hata ngoma ya kale iliyofunikwa ngozi ya chatu: ni nyara za serikali na kukutwa nazo bila kibali ni kesi nzito. Pili, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vya kabla ya 1863 na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Ukiletewa vya aina hiyo, waulize kwanza watu wa Mambo ya Kale.

Mama_Pasiansi
Mwanangu, vya umeme soma kibati cha nyuma kabla ya kuchomeka. Vya kutoka Japani vingi ni volti 100, vya Marekani 120, ukichomeka kwenye 230 moshi unatoka hapo hapo na umeshanunua. Friji iliyosafirishwa imelala, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili mafuta ya kompresa yarudi chini.

Fanicha: chomoa droo, kwaruza upande wa chini. Mninga una wekundu ndani, mwembe uliopakwa rangi ni mweupe. Unga mwembamba sakafuni ni wadudu, wako kazini. Vitanda na sofa, pekua mishono kwa tochi, kunguni mmoja chumbani kwako anahamia kwenye mzigo wote.

Halafu karatasi. Kila kitu cha thamani kiandikie hati ya mauziano: jina, namba ya NIDA, namba ya kitu chenyewe, tarehe, sahihi mbili, na picha ya muuzaji akiwa na kitu. Kikubwa pitisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Anayekataa kuandika, mali si yake. Kijana wa kazi anayeuza TV bosi akiwa safarini usimsikilize hata akitaja elfu ishirini.

Igoma_Mpya
Shikamoo mama, nimekuelewa. Mwezi mpevu ni wiki ijayo, naanzia Kayenze na sumaku mfukoni. Mwaloni_K, beseni wanalo huko au nibebe?

Mwaloni_K
Kwenye mwalo wa dagaa ukose beseni? Beba sabuni ya unga. Tangi likiwa na mafuta kwa nje, povu halionekani vizuri.