Bawaba za usukani wa boti la tanga: nichomelee za zamani, nichongeshe mpya au niagize Dar?

Kijana_wa_Mpunguzi
Wakuu, habari za jioni. Nina boti dogo la tanga, usukani umeanza kucheza. Ukishika kana (mpini wa usukani) unasikia kok, kok, kok, na bawaba ya chini imepata ufa. Fundi mmoja wa Kizota, hapa Dodoma, anasema atachomelea hizi hizi kwa elfu 15. Mwingine anataka anichongee mpya za stenlesi, elfu 90 na bolti zake. Jamaa yangu wa Dar ameona za dukani, ila ukijumlisha na kutuma kwa basi inakaribia laki mbili. Ipi bora? Nataka lirudi majini kabla ya mwisho wa mwezi.

Mzee_wa_Ubuyu
Kwani Dodoma siku hizi kuna bahari? 😂

Baharia_Mstaafu
Bwawa la Mtera liko wapi, wewe? Mleta uzi, umeomba dawa bila kusema unaumwa wapi. Boti ni la mbao au faiba? Urefu? Bawaba ni za chuma gani? Zimekazwa kwa skrubu au bolti? Ufa uko kwenye pini au kwenye bamba? Weka picha.

Kijana_wa_Mpunguzi
Shikamoo mzee, samahani. Ni faiba, mita 4 na kidogo, tanga moja. Nililinunua Bagamoyo, likaja juu ya Fuso. Bawaba nadhani ni stenlesi maana hazina kutu. Ni skrubu. Ufa uko pale pini inapoungana na bamba. Picha zinagoma kupanda.

Grenda_na_Chaji
Weka sumaku. Isiponasa ni stenlesi safi, chomelea tu maisha yaendelee.

Mama_Kerezo
Hapana kaka. Kuna stenlesi za bei rahisi zisizonasa sumaku na zinaota kutu vizuri tu. Halafu 304 na 316, hizo ni aina za stenlesi, huwezi kuzitenganisha kwa sumaku, na kwa maji ya chumvi inayotakiwa ni 316.

Grenda_na_Chaji
Mtera si maji ya chumvi.

Mama_Kerezo
Boti limetoka Bagamoyo, umesoma? Chumvi ilishaingia nyuma ya bamba zamani. Pale hewa haifiki, na stenlesi isipopata hewa huliwa kimyakimya huku mbele inang'aa. Mleta uzi, fungua bawaba zote, si ya chini tu, uangalie mgongo wake. Ukiona vitundu kama vya sindano, hata ukiichomelea ufa utatokea pembeni ya weldi. Na akikuchomelea kwa vijiti vya chuma cha kawaida, mwezi haupiti mshono unakuwa mwekundu.

Baharia_Mstaafu
Aliyeponzwa na bei rahisi nilikuwa mimi. Nilikuwa na mashua ya mbao pale Mtera, upande wa Migoli. Pini ilikatika, fundi mmoja (simtaji) akanitengenezea nyingine siku hiyo hiyo, kaipaka rangi ya silva, inapendeza. Wiki ya tatu, saa tisa alasiri, upepo umepanda. Nikasikia kana imekuwa nyepesi ghafla, kama umeshika mwiko kwenye sufuria tupu. Usukani unaning'inia kwa bawaba ya juu peke yake, kila wimbi linaupinda, na bawaba nayo inang'oa mbao. Tanga nikashusha, lakini upepo ukatusukuma hadi kwenye ile miti mikavu iliyosimama majini. Tulikuwa na kasia moja. Mwenzangu akawa anapiga maji kwa ubao wa kukalia, kiboko anakoroma sijui upande gani. Wavuvi wa perege ndio waliotuvuta, usiku. Kesho yake naitazama ile pini: chini ya rangi mistari ya NONDO inaonekana! Ile mistari ilikuwa inasaga tundu kama tupa tangu siku ya kwanza.

Mzee_wa_Ubuyu
Nondo! 🙌 Na jaketi za kujiokolea mlikuwa nazo?

Baharia_Mstaafu
Moja. Tuliikalia.

Mwana_Pangani
Huku kwetu hizo tunaziita rumada. Na wengi tunafunga usukani kwa kamba, ikichakaa unabadilisha palepale. Kwenye visiki kama vya Mtera kamba ni nzuri, ukigonga kisiki inalegea, haing'oi nyuma ya boti.

Mama_Kerezo
Kamba kwenye boti la faiba italegea na usukani utacheza vilevile. Mimi ningechongesha, ila pini ikerezwe, isikatwe kwa grenda. Ya chini iwe ndefu kuliko ya juu kidogo, ukiurudisha usukani majini unailenga ya chini kwanza, la sivyo utahangaika na matundu mawili kwa pamoja. Bushi (kile kipete ambamo pini inazunguka) usiweke nailoni ya kawaida, inafyonza maji na kuvimba, kana inakuwa nzito. Na zile skrubu achana nazo. Ziba matundu kwa gundi ya epoksi, toboa upya, pitisha bolti na bamba la kuegemea kwa ndani.

Grenda_na_Chaji
Kwa ndani atafikaje? Boti nyingi ndogo za faiba nyuma pamezibwa.

Mama_Kerezo
Atatoboa kidirisha na kuweka kifuniko. Kijana, kwako pamezibwa?

Kijana_wa_Mpunguzi
Nimegonga kwa ngumi, panalia tupu. Sioni mlango wowote. Nimefungua bawaba ya juu, skrubu mbili zimetoka kwa vidole, na maji yametiririka kwenye tundu. Ya kahawia.

Baharia_Mstaafu
Maji ya kahawia maana yake ndani kuna ubao umeoza. Sasa hapo bawaba si tatizo lako tena.

Grenda_na_Chaji
Au ni matope ya Mtera tu. Msimtishe mtoto wa watu.

Mwana_Pangani
Onja. Kama ina chumvi ni ya Bagamoyo.

Kijana_wa_Mpunguzi
Sionji 😂. Jumamosi naligeuza lichuruzike, nitaleta picha.

Mzee_wa_Ubuyu
Ukienda Mtera nibebee perege wawili wakavu, nitakurudishia hela.