Ada ya vitendo tunalipa, mashine ya kupima usikivu tunaiona kwenye projekta tu!

Wadau, hasa mlioko Kampala na mliopitia fani za afya, leo yamenifika kooni.

Nasomea tiba ya matamshi na lugha hapa Uganda, na ndani yake kuna somo la upimaji wa usikivu. Chuo sikitaji. Kila muhula tunatozwa ada ya mafunzo kwa vitendo, na usipolipa huingii kwenye mtihani. Hiyo hela inakwenda wapi? Odiometa, yaani hiyo mashine ya kupima usikivu, ipo moja, imefungiwa kabatini, na stika yake ya kalibresheni (ukaguzi wa usahihi wake) imeisha muda kitambo. Mashine hii hukaguliwa kila mwaka. Isipokaguliwa, unaandika mtoto kasikia desibeli 20 kumbe iliyotoka ni 40. Kile chumba kisichopitisha sauti kimejazwa maboksi ya karatasi za mitihani! Siku tukibahatika kupewa mashine tunapimia ofisini, dirisha linatazama steji ya bodaboda. Ngurumo za pikipiki zinafunika sauti nzito, zile za hezi 250 na 500, basi kila anayepimwa anaonekana ana tatizo.

Lakini kilichonifanya niandike ni cha juzi, kwenye hospitali tunakopelekwa kujifunzia. Kaja mama na mtoto wa miaka minne, hasemi. Faili linaonyesha aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga. Msimamizi akasimama nyuma yake, akapiga makofi. Mtoto akageuka. "Anasikia huyu, ni mvivu tu wa kusema." Faili likafungwa.

Jamani! Makofi yana sauti nzito na nyembamba kwa pamoja. Mtoto asiyesikia sauti nyembamba atageuka vizuri tu, huku "s" na "f" hazimfikii kabisa, sasa atajifunzaje kusema? Na homa ya uti wa mgongo ni sababu ya uziwi inayojulikana. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena, na kokilea yenyewe, kile kiungo cha kusikia ndani ya sikio, inaweza kuanza kugeuka mfupa, ndiyo maana mtoto akipona hupimwa bila kuchelewa. Vitabu tunavyokaririshwa vinasema mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Huyu ana miaka minne na kapimwa kwa makofi!

Kwa umri wake kipimo ni mchezo: unamvisha visikizi, kila akisikia mlio anatumbukiza kibao ndooni. Nimeujibu kwenye mtihani nikapata maksi zote. Kumfanyia mtoto aliye hai, sijawahi.

Mama akanifuata koridoni: "Musawo (daktari), sasa atasema lini?" Nikamwambia asikubali, akatafute anakoweza kupimwa upya kwa mashine. Nikaitwa pembeni nikakaripiwa eti nawachanganya wagonjwa. Nani anamchanganya nani hapo?

Lugha ya alama ndiyo usiseme. Katiba ya 1995 inaitaka serikali iikuze, sisi tutakaokaa na viziwi kila siku hatujafundishwa hata salamu yake.

Tulipolalamika idarani tukaambiwa tuvumilie, nchi yetu ni maskini. Umaskini gani unaomzuia mtu kuhamisha maboksi? Kutoa maboksi chumbani nako kunasubiri wafadhili? Tukihitimu hivi tutavaa makoti meupe na kwenda kupiga makofi nyuma ya watoto wa watu, na wazazi watatuamini.

Tumeandika barua ya kudai chumba kifunguliwe, mashine ikakaguliwe, na tuonyeshwe matumizi ya ada yetu. Darasa karibu lote limesaini, isipokuwa wachache wanaoogopa kufelishwa. Aliyewahi kupeleka malalamiko kwenye Baraza la Taifa la Elimu ya Juu aniambie alianzia dawati gani na kama alijibiwa. Na nyie mnaosoma fani hii kwingine, mnapimia wapi? Mkiwa na picha za vyumba vyenu ziwekeni hapa, tuziambatanishe na barua.