"HII ITAKUTOSHA WEWE"?! Nimefuata V8, ananipa ufunguo wa pistoni nne!

Wakuu, bado nipo maegeshoni kwao, AC nimefungulia mpaka mwisho na jasho la hasira linanitoka tu.

Yule muuzaji mnamjua. Wa ile yadi yenye bendera kubwa kama tanga la jahazi, miwani kaining'iniza kisogoni. Hakuna Mswahili wa Houston hii anayetafuta gari asiyekutana naye.

Nimefika saa nne asubuhi, mkopo wa benki umeshapita, barua iko mfukoni. Nataka Ford Mustang GT, injini ya lita 5.0, V8 yaani pistoni nane, nguvu za farasi 480, gia ya mkono. Ipo pale katikati, ya bluu. Nimeinama kwenye kioo natazama kanyagio la klachi, yeye huyo kaja. Salamu hakuna. Kanipima kuanzia buti za kazi hadi kofia. Namwambia naomba niijaribu, anasema V8 haziendeshwi bila miadi. Kaingia ndani, katoka na ufunguo wa EcoBoost nyeupe, Mustang ya pistoni nne, kaligonga paa kama mtu anayechagua tikiti maji, akasema: "Hii itakutosha wewe."

Hii. Itakutosha. WEWE.

Mimi niliyeshuka mlima Kitonga kule Iringa na Scania ya tani 30 breki zikinuka! Mimi ninayekula mkate wangu kwa roli hapa Marekani mwaka wa saba! Na mjue, tangu toleo la 2024 EcoBoost haina klachi kabisa, gia ya mkono imebaki kwa GT na Dark Horse tu. Maana yake kanitazama akaamua mguu wangu wa kushoto ni wa kuvalia soksi.

Subirini. Dakika kumi haijaisha, kaingia kijana na kandambili, ndevu hazijaota, kapewa ufunguo wa ile ile ya bluu. Miadi iko wapi? Kaachia klachi, gari ikaruka kama chura, ikazima. Kawasha, ikazima tena, hata geti hajafika! Harufu ya klachi imenifikia niliposimama. Muuzaji anampigia makofi. Mimi nimeshika ufunguo wa pistoni nne kama mtoto aliyepewa pipi anyamaze.

Na kwenye kioo, chini ya bei ya kiwandani, wamebandika karatasi nyingine: "nyongeza ya soko", dola 7,000. Soko gani, gari lina vumbi hadi kwenye taa!

Kinachoniuma zaidi, nilikuwa nafanya ulinganisho wa haki. Jumamosi nilikuwa uwanja wa mbio na Camaro SS ya 2018 ya rafiki yangu, 6.2, farasi 455. Vioo vyake unaona nje kama unachungulia tundu la ufunguo, lakini kwenye kona inashika lami kama kupe. Challenger Scat Pack nayo nimeiendesha: 6.4, farasi 485, uzito zaidi ya kilo 1,900. Kwenye mstari ulionyooka kifua kinatetemeka, kona ikija inalala kama jahazi kwenye kusi. Ilibaki Mustang tu nitoe uamuzi. Ilibaki Mustang TU! Halafu mtu anagonga paa, "hii itakutosha wewe".

ChumaChakavu: Uzi bila picha ya hiyo ya bluu ni porojo.

Mzee wa Roli: Pole sana ndugu yangu. Mimi huyo huyo aliniuliza kama nimekuja kuchukua takataka. Nilikuwa nimevaa suti.

GiaSita: Yaani ulisimama dakika zote hizo unamtazama mtoto wa watu akizima gari? Yadi ziko mia mji huo. Halafu usidharau pistoni nne, hiyo 2.3 ya turbo ina farasi 315. Mustang GT ya 2005 na V8 yake ilikuwa na 300. Jamaa kakupa gari inayoizidi GT ya zamani, wewe unalia.

Mleta uzi: @GiaSita hukuwepo. Hukusikia alivyosema "wewe". Ungelisikia hilo "wewe" usingeandika.

TaiYaMsalaba: Angenunua Camaro haya yote yasingempata.

ChumaChakavu: Atainunua wapi mpya? Ya mwisho ilitoka kiwandani Lansing Desemba 2023.

TaiYaMsalaba: Imekufa ikiwa na heshima. Camaro ZL1 1LE ilizunguka uwanja wa mbio wa Nürburgring kwa dakika 7:16.04 mwaka 2017. Mustang gani ya bei ya kawaida inafika hapo?

GiaSita: Mustang GTD, 6:57.685, mwaka 2024.

TaiYaMsalaba: Nimesema bei ya kawaida! Hiyo ni zaidi ya dola 300,000, hiyo ni nyumba yenye bustani.

BabaDemoni: Mnazungushana kwenye kona za Ujerumani wakati Wamarekani wanapima kwa robo maili. Dodge Demon 170: farasi 1,025, sekunde 8.91. Funga uzi.

TaiYaMsalaba: Farasi 1,025 ni kwa E85, mafuta yenye ethanoli nyingi. Ukiweka petroli ya kawaida usije hapa na hiyo namba.

Mleta uzi: Naomba turudi kwenye mada. Kaligonga PAA. Mara mbili. Kwa pete.

Mombasa254: Nyinyi mna shida nzuri aki. Huku kwetu usukani wa kushoto hausajiliwi hivi hivi, na gari likipita miaka minane halishuki Kilindini. Mimi natafuta GT ya usukani wa kulia, Ford wanatengeneza tangu toleo la 2015. Wakala kanizungusha miezi mitano, picha anazonituma ni za gari tatu tofauti.

Mzee wa Roli: Wakala gani huyo? Mwenye herufi tatu?

Mombasa254: Huyo huyo!

ChumaChakavu: Shemeji yangu kamlipa tangu mwaka jana, mpaka leo anaambiwa meli iko njiani.

BabaDemoni: Fungueni uzi wake huyo, mimi nina risiti. Kwanza nani hapa Houston anajua fundi wa matairi asiye mwizi? Ya nyuma nimebadilisha Machi na nyuzi zimeshaonekana.

GiaSita: Acha kuyachoma kwenye taa za barabarani.

BabaDemoni: Namba ya fundi, GiaSita. Namba.