Ovataimu ya Nevada, California na Colorado: sheria za kwenye kifurushi, za kujitungia, au Excel?

BintiTanga
Wakuu habari zenu. Nasimamia mishahara ya kampuni ya usafi hapa Reno, Nevada, watu 34, wengi dola 17 kwa saa. Mwezi uliopita tumepata kazi ng'ambo ya mpaka, Truckee, California, na bosi keshasaini nyingine Denver, Colorado. Programu yetu ya mahudhurio inajua jambo moja tu: zikizidi saa 40 kwa wiki, lipa mara moja na nusu. Naona njia tatu. Kulipia kifurushi cha juu cha programu ya mishahara, chenye sheria za majimbo tayari. Au kuchukua programu ndogo ya mahudhurio inayokuruhusu kutunga sheria mwenyewe, halafu saa nazihamishia kwenye mishahara. Au Excel. Mliopita huku mmechagua ipi?

Kibatari
Excel itoe kabisa, dada. Nimeitumia miaka miwili, na ilikwenda vizuri mpaka nilipochukua likizo, mwenzangu akaburuta fomula moja vibaya.

Pima kwanza tofauti ilivyo. Mtu wa dola 20 kwa saa kafanya zamu moja ya saa 13, na wiki nzima hajafika 40:

Texas: dola 260. Huko ni sheria ya serikali kuu tu, ile ya 1938, nayo haiangalii siku, inaangalia wiki.
Nevada: 260 pia, maana ovataimu ya siku (baada ya saa 8) ni ya anayelipwa chini ya mara moja na nusu ya kima cha chini cha mshahara. Tangu Julai 2024 hiyo ni chini ya dola 18, kwa hiyo watu wako wa 17 wamo!
Colorado: 270. Wanaanza kuhesabu baada ya saa 12.
California: 320. Saa 8 za kawaida, 4 zinazofuata mara moja na nusu, ya 13 mara mbili.

Mimi nalipia kifurushi cha juu na sijutii.

MhasibuNairobi
Niko Nairobi, nafanyia hesabu wateja wa Marekani. Hapo Kibatari nakupinga kidogo. Ukiambiwa "sheria za majimbo zimo", uliza: zimefungwa kwa mtu au kwa zamu? Mteja wangu mmoja alinunua kifurushi kikubwa, kumbe kila mfanyakazi anapewa jimbo moja tu, basi. Mtu wa Reno akishinda kutwa nzima Truckee, siku hiyo ni ya California hata kama analala Nevada. Mahakama ya Juu ya California ilishaamua hivyo 2011, kesi ya Sullivan dhidi ya Oracle, ingawa Oracle wakati huo ilikuwa kampuni ya California. Sisi tulirudi kwa programu ndogo, kwa sababu ile unaifunga sheria kwenye kituo cha kazi. Anayeingia zamu kwa kuchagua "Truckee" anahesabiwa Kicalifornia, kesho akichagua "Reno" anarudi Nevada.

BintiTanga
Sasa saa za Truckee zinaingia kwenye 40 za wiki?

MhasibuNairobi
Zinaingia. Mwajiri ni mmoja, wiki ni moja. Ila saa iliyokwisha kulipwa ziada ya siku hairudi kulipwa ziada ya wiki. Lijaribu hilo kabla hujasaini kitu: mwingizie mtu siku tano za saa 10 California. Jibu ni saa 40 za kawaida na 10 za ziada. Ikitoa 20 za ziada, inalipa saa zilezile mara mbili, funga kompyuta uondoke.

ChumviYaBahari
Nevada ina mtego ambao karibu kila mtu anauruka. Siku yao haianzi usiku wa manane, ni saa 24 tangu mtu alipoanza kazi. Chukua msafishaji wako wa dola 17: Jumatatu kaingia saa 8 mchana, katoka saa 4 usiku (saa zetu hizi, si za kwenye simu). Jumanne kaingia saa 12 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Programu inaona siku mbili za saa nane nane, hakuna kitu. Kisheria zamu yote ya Jumanne iko ndani ya zile saa 24, kwa hiyo saa 8 zote ni mara moja na nusu. Kama kujitungia sheria hakukupi sehemu ya kubadilisha mwanzo wa siku, hakujakusaidia.

Nevada mkikubaliana na mfanyakazi ratiba ya siku 4 za saa 10, ovataimu ya siku haipo. California kwa ratiba kama hiyo wanataka kura ya siri na theluthi mbili ya wafanyakazi wakubali.

MamaTuli
Mimi niko California tupu na namuunga mkono Kibatari. Kujitungia ni kuzuri mpaka ije bonasi. Mtu kafanya saa 50, kati yake 10 za ziada, na umempa bonasi ya mkupuo ya dola 100 kwa kutokosa kazi. Serikali kuu: gawa kwa 50, nusu yake mara 10, unaongeza dola 10. California, tangu uamuzi wa 2018: gawa kwa 40, mara moja na nusu, mara 10, unaongeza dola 37.50. Programu ndogo inapeleka saa tu, hiyo bonasi haiioni. Halafu siku ya saba mfululizo, ambayo California inalipiwa ziada, inahesabiwa ndani ya wiki moja ya kazi, si siku saba zozote zinazofuatana zikivuka wiki mbili.

MhasibuNairobi
Hapo kwa bonasi umenishika, mama. Mteja wangu hatoi bonasi.

BintiTanga
Sisi tunatoa, ya Desemba tu. Nimewapigia wauzaji wote wawili leo. Wa kifurushi wamekiri jimbo linakaa kwa mfanyakazi, labda nimsajili mtu mmoja mara mbili (!). Wa programu ndogo wamenitumia picha ya skrini, kituo Truckee, sheria ya California. Nachukua ndogo, bonasi nitaikokotoa kwa mkono hiyo Desemba. Swali la saa 24 za Nevada wote wamesema watanipigia. Mpaka wapige, sipangi mtu usiku halafu asubuhi yake.