Wewe jamaa wa laptopu pale Mwanjelwa, farasi 144 umewaweka wapi? Umeniaibisha mbele ya mkwe!

Mwana wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wasimamizi naomba huu uzi msiuhamishe wala msiuunganishe na ule wa mafundi matapeli. Huu ni wa mtu mmoja na anajijua. Na nyie wa Mbeya mnamjua. Yule wa laptopu yenye stika za magari ya mbio. Yule wa miwani myeusi, hata ukungu wa mwezi wa saba ukishuka mpaka huoni kidole chako, yeye miwani havui. Jina sitaji, sina haja.

Nimefika nyumbani sasa hivi, hata maji sijanywa.

Hilux yangu ni 2.5 ya dizeli, injini 2KD. Anayezijua anajua Toyota walizitoa kwa nguvu tofauti. Ipo ya nguvu za farasi 102, ipo ya 120, ipo ya 144. Zote lita mbili na nusu. Yangu ni 102. Huyu bwana akaniambia, "Kaka, injini ni ileile, kiwandani wameibana tu kwenye kontrolboksi, ile kompyuta ya injini. Nipe laki nne na nusu, kunywa chai hapo, ukirudi una 144." Akachomeka waya chini ya usukani, akabofya bofya, akapiga resi mpaka kuku wa jirani wakahama kata. Halafu akanibandikia na pua juu ya boneti, ile ya kuingiza hewa kama wanazovaa za 3.0. Hela ya pua ni mbali.

Leo natoka Chunya nimempakia baba mkwe. Wakuu, baba mkwe! Mzee ambaye tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniambia neno zaidi ya "hamjambo huko". Tunapanda Kawetire, kule juu kabisa barabara inavuka mita 2,400. Nakanyaga mafuta, unatoka moshi mweusi naamini Chunya wamewasha taa mchana. Gari halivuti. Taa ya injini ikawaka, likajibana lenyewe, ndio basi tena. Tumepitwa na Fuso la mkaa. FUSO LA MKAA, na utingo kakaa juu ya magunia ananipungia mkono!

Nikasimama nikampigia. Nikaweka laudispika makusudi, nilitaka mzee asikie mwenyewe kwamba kosa si langu. Jamaa akasikiliza, akavuta pumzi, akasema:

"Kaka, gari lina nguvu. Dereva ndiye hana."

Kwa spika. Mbele ya mkwe. Mzee alicheka mpaka kofia ikaangukia kwenye gia.

Bado. Tukafungua boneti injini ipoe. Mzee akaingiza kidole kwenye ile pua, akakizungusha, akakitoa kina vumbi la kahawia, akainama kuangalia kwa chini. Bati zima! Boneti haijatobolewa! Chini ya pua hakuna tundu, hakuna intakula ya kupoza hewa, kuna gundi iliyochuruzika ikakauka na nyasi kavu mbili. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiki kinaingiza hewa wapi?" Nimjibu nini mimi?

Sasa wewe mwenye miwani nisikilize. Ya 144 ina intakula ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini, na tabo yenyewe ni ile ya mapezi yanayojigeuza. Yangu ya 102 haina intakula kabisa. Laptopu inaweza kuongeza mafuta, haiwezi kuotesha intakula! Umemwaga mafuta, hewa ya kuyachoma itoke wapi, tena kule juu ambako hewa yenyewe imepungua karibu robo? Halafu unasema DEREVA NDIYE HANA?

Nataka hela yangu yote. Na kauli yako uje uifute hivyohivyo, kwa spika, mzee akiwepo.

Nozeli ya Tatu

Pole mkuu, umepigwa na kitu kizito. Ila kwanza tuelewane, kofia ilianguka kweli?

Mnyalu wa Ilula

Kawetire nayo siku hizi ni mlima wa kufungulia uzi? Njoo Kitonga na tani thelathini mgongoni ndio uandike malalamiko.

Mwana wa Uyole

@Nozeli ya Tatu, ilianguka. Na alipoiokota alirudia, "dereva ndiye hana", akacheka upya. Kairudia tena tunashuka Mbeya mjini, nadhani alikuwa anaihifadhi kichwani. Saa hii yupo sebuleni anamsimulia mama watoto.

Dizeli Kongwe

Tuliza hasira tuongee gari. Hii habari ya "injini ni ileile" ndiyo inayowaliza wengi. Yapo magari ambayo tofauti ya nguvu ni programu tu, hayo ukirimapu, yaani ukibadili programu ya kontrolboksi, unaona mabadiliko ya maana. Lakini mengi tofauti ni vyuma. Chukua Amarok, ilipotoka 2010 dizeli yake ya lita mbili ilikuja na farasi 122 kwa tabo moja, na 163 kwa tabo mbili. Lita zilezile. Hiyo tabo ya pili utaichomeka kwa waya?

Rimapu ya kistaarabu inaanza kwa kusoma faili la kiwandani na kulihifadhi. Ndipo mtu anagusa kiasi cha mafuta, muda wa kupuliza mafuta, shinikizo la tabo, kikomo cha toki (nguvu ya kuzungusha), na anapima baada ya kila hatua. Kuna kikomo cha moshi humo ndani, kazi yake ni kuzuia mafuta yasizidi hewa. Kwa moshi unaousimulia, fundi wako kaking'oa. Usiendelee kupanda nalo mlima hivyo. Mafuta yakizidi hewa, joto kwenye njia ya moshi linapanda, linaondoka na tabo na pistoni. Na ukiwa juu tabo tayari inazunguka kwa kasi kubwa kufidia hewa nyepesi, ukiidai zaidi inajimaliza. Kesho asubuhi rudisha faili la mwanzo. Analo?

Mwana wa Uyole

Ahsante mkuu, wewe ndiye umenielewa. Nimempigia tena kumuuliza faili langu. Anasema laptopu ilipigwa chini, kila kitu kimefutika. Nikamwambia na hela irudi basi. Akasema, "Hela ya nini, si umefika?"

SI UMEFIKA!! Kwanza dereva hana nguvu, sasa si umefika!

Mama Parachichi

Huyo wa miwani? Nilijua tu. Alikuja mpaka huku Njombe akamrimapia kaka yangu MKONGA, ile Land Cruiser. Jamani, mkonga wa injini ya 1HZ! Lita 4.2, silinda sita, haina hata tabo, pampu yake ya mafuta ni ya chuma mwanzo mwisho. Kuna nini cha kurimapu pale? Na kaka akalipa, akaja kutuambia gari limekuwa jepesi. Mpaka leo sijui ule waya aliuchomeka wapi.

Nozeli ya Tatu

Kwenye redio. Bezi ndio imeongezeka farasi.

Chujio Limeziba

Nyie mna nafuu. Mimi mwingine, siyo huyu wa miwani, alinitolea chujio la masizi kwenye bomba la moshi, akaniambia gari litapumua. Alichosahau ni kuiambia kontrolboksi. Sasa gari linaamini chujio lipo na linajaa, linajaribu kuchoma masizi ambayo hayapo, linamwaga dizeli mpaka inashukia kwenye oili. Oili inaongezeka yenyewe! Nikichomoa kijiti cha kupimia asubuhi napokelewa na harufu ya sheli. Nimemweleza fundi, kasema nishukuru, wenzangu oili zao zinapungua.

Mwana wa Uyole

Pole mkuu, ila naomba tusitoke kwenye mada. Kauli ilisemwa mbele ya MKWE.

Kibatari

Mnalaumu laptopu bure. Dizeli mnayoweka mmeipima? Kuna kituo kimoja, wa kutoka Makambako kuja huku mnakijua, ukiweka pale gari linakohoa mpaka Igawa. Kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa 2011 tulidhani kuchakachua kumekwisha. Mimi pampu ya presha imekufa na nozeli nne zikafuata. Huyo wa miwani angalau alikuachia pua.

Mnyalu wa Ilula

Kibatari kweli kabisa. Na bado hujaongelea malori yanayokufa katikati ya Kitonga, unakaa foleni mpaka watoto wanakusahau sura.

Fuso la Isyonje

Malori yanakufa kwa sababu ya lumbesa, tusemeni ukweli. Tunapakia viazi, kwenye karatasi gunia la kilo mia, juu limeshonewa kilemba kirefu kuliko gunia lenyewe. Mizani wananishika mimi dereva, mnunuzi yuko Dar kalala. Mlima Nyoka napanda gia ya kwanza nimeshikilia usukani kwa meno.

Mama Parachichi

Mkulima je? Analipwa gunia moja, anatoa gunia na nusu. Serikali ilikataza lumbesa zamani, mbona kila mwaka vilemba vinarefuka?

Mwana wa Uyole

Wakuu, uzi ni wangu. Hela yangu, na ile kauli.

Fuso la Isyonje

@Mama Parachichi, mnunuzi anasema bila kilemba hachukui, anaenda shamba la jirani. Tukikubaliana wote kijijini kupima kwa kilo hana pa kwenda. Sisi kwetu tumeanza kuongea na mwenyekiti, mizani tumeshaiona mjini, tatizo ni nani aanze kuuza kwa kilo mwenzake akiwa bado anashona.

Dizeli Kongwe

Mizani ya namna gani hiyo, ya kuning'iniza au ya chini? Mama mkwe wangu analima Tukuyu, namtafutia.

Fuso la Isyonje

Ya chini, ya sahani kubwa. Njoo inboksi.