Tupeane uzoefu: tembo wanavyomalizika bara, wewe umeshuhudia nini?

Assalaam alaykum. Visiwani hatuna tembo, lakini pembe zao zimepita mikononi mwetu tangu enzi za Sayyid Said, sultani wa Zanzibar. Mimi natembeza wageni Mji Mkongwe. Tukifika Shangani, kwenye nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, nawaeleza misafara ya Tabora na Manyema (mashariki ya Kongo), pembe zinashushwa pwani, zinavushwa kuja Unguja, kisha zinapelekwa Ulaya na Marekani kutengenezewa vinanda na mipira ya biliadi. Kila nikieleza naumia. Nani ana lake?

MCHUKUZI WA MALINDI
Ndugu yangu, hayo si ya zamani tu. Novemba 2013 bandarini kwetu Malindi, hapa Unguja, lilikamatwa kontena la kombe za baharini, na ndani ya kombe mna pembe, zaidi ya tani 2. Mimi mizigo ya kombe nimeibeba sana, na tangu siku ile kila gunia nalitilia shaka. Mwaka huo huo tembo wa Selous, pori la akiba kusini mwa Tanzania, walihesabiwa wakabaki kama 13,000. Mwaka 1976 walikuwa zaidi ya 100,000!

MPEMBA WA RUFIJI
Mie nalima mpunga Rufiji. Tembo wakiingia usiku, asubuhi huna shamba. Jirani yangu alitaka kutia sumu kwenye maboga, tukamzuia kwa ugomvi mkubwa. Njaa inauma, namfahamu. Lakini njia ile ya kwendea mtoni ni yao, sie ndio tuliokuja kuilima. Majangili wakiondoka leo, bado mashamba yatawabana tembo.

BINTI WA KIKWAJUNI
Nilifanya kazi kambi ya watalii kaskazini. Askari mmoja wa wanyamapori alinifunza jambo sikulijua: jike hubeba mimba miezi 22, na huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne au mitano. Majangili hutafuta wenye pembe kubwa, na hao ndio wazee. Akiuliwa bibi wa kundi, ukame ukija hakuna anayekumbuka maji yalipo, na watoto ndio wanaokufa mwanzo. Kwa hiyo risasi moja huua wengi, na pengo lake halizibiki kwa miaka kumi.

MPEMBA WA RUFIJI
Umesema kweli, mwanangu. Kwetu sasa tunatundika mizinga ya nyuki mpakani mwa shamba, tembo akisikia nyuki hukimbia bila kugeuka nyuma. Mwenye kujua bei ya mizinga Dar aniandikie, mvua za masika zimekaribia.